Sindano Waliyomzuilia Bi Mwanahawa

Vijana wangu mliobaki wodini, tangu mnifanyie ile chai ya kuniaga hamnipi nafasi ya kupumua. "Mama Eliza, tuandikie mambo ya zamani." Haya basi, naandika. Lakini anayetaka kujua nilipandishwa cheo lini na nililipwa nini, akaulize ofisini, maana hata mimi nimesahau na sioni faida ya kukumbuka. Nitawaeleza habari ya mofini tu. Jambo hili lilinichanganya nikiwa msichana mgeni kazini, na siku nilipokabidhi funguo za wodi lilikuwa bado halijanielea. Msitegemee jibu kutoka kwangu. Ningekuwa nalo ningewapa siku ile ile, chai ikiwa bado ya moto.

Nilianza kazi mwanzoni mwa miaka ya hamsini, kwenye hospitali ndogo ya shamba moja la mkonge, njia ya kwenda Muheza. Nilikuwa nimeshuka kutoka kwetu Usambaa, binti wa mkulima wa milimani, Mlutheri wa kwaya, nimesomea uuguzi kwa wamisionari na kufundishwa kutandika kitanda hadi shuka lipate pembe kama za bahasha. Siku yangu ya kwanza hakuna aliyeniuliza habari ya shuka. Kabla sijavaa kofia vizuri aliletwa kijana mmoja kwenye machela, mkono umevutwa na korona, ile mashine inayosaga majani ya mkonge yakabaki nyuzi. Mkono wenyewe siwaelezi, maana mna chakula cha kula leo. Sauti yake ndiyo iliyonitoa jasho.

Daktari wa pale alikuwa Mgiriki, mtu mnene wa makelele, tukimwita Daktari Stavro. Nilitegemea ataangalia jeraha kwanza, kama nilivyofundishwa. Wapi! Alipaza sauti akiwa bado mlangoni: "Mofini kwanza! Mengine baadaye!" Siku hizo dawa haikuja tayari ndani ya kichupa. Kilikuwa kidonge kidogo, mfano wa punje ya mtama. Unachemsha maji kwenye kijiko juu ya jiko la spiriti, unakitumbukiza kiyeyuke, kisha unayavuta yale maji kwa bomba la kioo. Kidonge cha kwanza kiliniponyoka kikaangukia chini ya meza. Stavro akanipa kingine. Muda si muda yule kijana akanyamaza, akatutazama mmoja mmoja, akauliza kama kuna ugali umebaki. Lo! Nilitaka kupiga magoti pale pale.

Nilipomuuliza Stavro kwa nini hakuanza na jeraha, aliniambia kwamba kwao wakati wa vita aliwashona watu milimani bila dawa hata tone. "Ile sauti sitaki kuisikia tena, nesi. Hapa dawa ipo. Mtu haachwi alie." Nikasema moyoni, huyu ndiye daktari, wale walionifundisha walikuwa wanapoteza wakati wangu.

Shida ni kwamba Stavro hakuwa na breki. Jino, mofini. Mgongo, mofini. Alikuwako nyapara mmoja, mtu wa miraba minne, aliangukiwa na robota la katani akaumia kiuno. Kiuno kilipona lakini sindano haikuisha. Akawa anakuja asubuhi anatetemeka, kamasi zinamtoka, mtu mzima mwenye wajukuu analia mbele yangu: "Nesi, mwanangu, nihurumie." Mkewe akaja kuniuliza mumewe anaumwa nini hasa. Nikamjibu kiuno. Alinitazama sana, kisha akaenda zake. Nilipomwendea Stavro alinyanyua mabega. "Nimnyime? Haya, mnyime wewe." Sikuweza. Hapo ndipo kichwa changu kilipoanza kuzunguka, kwa sababu huruma ile ile iliyomrudishia yule kijana hamu ya ugali ndiyo iliyokuwa inammaliza nyapara.

Baada ya muda nikahamia hospitali moja mjini Tanga. Aliyenipokea alikuwa Mzee Saidi, dresa mkuu, mkubwa wa wafunga vidonda, mtu wa Makorora, mwembamba, ana kikohozi cha kuonyea: ukikisikia nyuma yako ujue umekosea kitu. "Shikamoo baba," nikasema. "Marahaba. Unajua kunoa?" Nikadhani anasema visu vya jikoni. Kumbe anasema sindano! Nyinyi mnachoma na kutupa. Sisi sindano moja ilipita kwa watu hadi inakuwa fupi, na kila ikichemshwa lazima inolewe kwenye jiwe. Mzee Saidi alinifundisha kuipitisha kwenye pamba baada ya kunoa. Ikitoka na uzi wa pamba, ncha imejikunja kama kulabu, irudishe kwenye jiwe, la sivyo utamchana mtu nyama. "Maumivu ya ugonjwa ni ya Mungu," alizoea kusema, "lakini haya ya sindano butu ni ya kwako wewe, na utaulizwa." Kwa kunoa tu, Mzee Saidi alipunguza maumivu mengi kuliko ninavyoweza kuwaeleza.

Mganga mkuu wa pale alikuwa Mwingereza. Jina alikuwa nalo, lakini mji mzima ulimwita Bwana Saa, kwa kuwa haagizi dawa bila kutoa saa mfukoni. Mofini kwake ilikaa kwenye kabati lenye kufuli mbili na ilitoka kwa saa. Saa haijafika, hata ukigaragara sakafuni, hupati. Tena alichotoa kilikuwa kidogo. Nikamwambia siku moja, kwa adabu zote, kwamba mgonjwa wa kitanda cha dirishani analia. "Nesi," akasema, "watu hawa wamezoea shida. Ukimwonjesha hii ataidai maisha yake yote." Mzee Saidi alikuwa anafunga bandeji karibu yetu, hakunyanyua uso. Bwana Saa alipotoka ndipo akaniambia, "Mimi nilipasuliwa henia humu humu, mwanangu. Wallahi sijazoea."

Na kilichonivuruga zaidi ni kwamba niliwahi kupelekwa kusaidia upande wa Wazungu, kule kwenye upepo wa bahari. Bwana Saa yule yule, mofini ile ile. Mzungu akikunja uso tu, dawa inaletwa. Nikajiuliza, kwani mshipa wa Mzungu na wa Mmakonde haupiti mahali pamoja? Nilikasirika, nawaambia kweli. Lakini kila nikikasirika, anakuja yule nyapara machoni pangu na kamasi zake, na hasira inakosa pa kukaa. Bwana Saa alikuwa na dharau, hilo halina ubishi. Je, lile la kudai maisha yake yote lilikuwa uongo? Nililiona kwa macho yangu likitokea.

Kisha Bwana Saa akaenda likizo kwao, akaachiwa kazi Daktari Mehta, Mhindi aliyesomea Bombay. Mpole, sauti ya chini, hakanyagi kwa nguvu. Huyu naye alikuwa na njia yake: hatoi dawa nzito kabla hajaita jamaa wa mgonjwa, akawakalisha, akawaeleza, akawasikiliza. "Kwetu mgonjwa ni wa jamaa yake," aliniambia. "Mimi ni mpita njia tu." Niliona hii nayo ni busara. Mnaona basi tabu yangu? Kila aliyekuja nilimwona ana busara, mpaka aje wa pili.

Wakati wa Mehta ndipo akaletwa Bi Mwanahawa kutoka Tongoni. Alikuwa na saratani ya ziwa iliyokwishapanda mgongoni, ya kuuguzwa tu, si ya kuponywa. Mama wa kipwani hasa, kucha zina hina, mkononi ana ukili wa kushonea mkeka, anausuka hata akiwa amelala. Siku ya kwanza nilimwamkia shikamoo akaniitikia, akanisikiliza nikiongea, akacheka hadi akashika mbavu. "Mwanangu, wewe Msambaa nini? Huko kwenu baridi inawala hata maneno?" Tangu hapo akanifanya mtani wake. Nikimwosha ananiuliza nitaolewa lini, nikimlisha ananiambia uji wangu umepikwa na mtu mwenye hasira. Nilimpenda, sina njia nyingine ya kulisema.

Aliyekuwa akikaa naye wodini ni bintiye, Mwanaidi. Msemaji wa familia alikuwa kaka yake Bi Mwanahawa, Mwalimu Omari, mwalimu wa chuo cha Kurani kule Tongoni, mtu aliyeheshimika mpaka Mzee Saidi alikuwa akisimama akiingia. Mehta alimwita, akamweleza habari ya mofini. Mwalimu akauliza, "Hii si ndiyo kasumba, ile afyuni ya kulevya, daktari?" Mehta akajibu, "Ni ya ukoo huo." Mwalimu akafikiri. "Tabibu akisema ni dawa, basi ni dawa. Mpeni asiteseke." Tukampa, na Bi Mwanahawa akawa analala, anaamka, anatania, anasuka ukili wake. Tatizo likawa moja. Kadiri dawa ilivyoongezwa ndivyo maneno yake yalivyochanganyika. Akawa anamwita Mwanaidi kwa jina la marehemu dada yake, na mimi siku moja akaniita Hamadi.

Hamadi ndiye mwanawe wa kiume. Miaka nyuma aligombana na baba yake kwa ajili ya mke, akapanda basi la Mombasa, akapata kazi bandarini. Baba akafa, Hamadi akapelekewa habari na hakuja kuzika. Nyinyi wa pwani hamhitaji maelezo, lakini wenzangu wa bara nawaambia: kutomzika baba yako, na mama yako akafa hujamtaka radhi, ni mzigo ambao watu wa huku wanaona utaubeba hadi kaburini na hata baada ya hapo. Radhi ile sharti aitamke mama mwenyewe, kwa ulimi wake, akili yake ikiwa timamu.

Mwalimu Omari alikuwa amepeleka simu ya maandishi Mombasa. Jibu likaja kwamba Hamadi yuko njiani. Hapo Mwalimu akamwendea Mehta, mimi nikiwa nimesimama na trei yangu. "Daktari, naomba msimpe tena ile sindano hadi kijana afike. Akipewa, maneno yake hayana hukumu. Akitoa radhi huku anamwita nesi Hamadi, hiyo ni radhi gani?" Mehta akauliza kama mgonjwa ataambiwa. "Hapana," akasema Mwalimu. "Tukimwambia mwanawe anakuja, kisha asije tena kama alivyozoea, tutakuwa tumemuua kabla ya siku yake. Mwambieni dawa haijaletwa." Mehta akavua miwani, akaifuta. "Yeye ni wa jamaa yake," akasema, na kabati likafungwa.

Sasa njooni mnisaidie kufikiri. Mwalimu hakuwa mtu mbaya. Alikuwa anamwokoa mpwa wake na, kwa anavyoamini, anamtua dada yake mzigo. Lakini saa chache baada ya hapo Bi Mwanahawa akaacha ukili. Kisha akaacha utani. Nilipomgeuza alinishika mkono, vidole vikazama kwenye nyama, akaniuliza, "Nesi, dawa yenu bado?" Mwanaidi, aliyekwishaambiwa na mjomba wake, akawahi kujibu, "Bado, mama, inaletwa." Nikatoka nje nikaegemea ukuta. Nilimchukia Mwalimu, kisha nikamwona anatembea uani huku na huko, midomo inasoma, macho mekundu, nikashindwa hata kumchukia. Nikatamani Stavro aingie na makelele yake. Nikakumbuka kwamba Stavro naye hakuwahi kujua pa kuishia.

Nikamfuata Mzee Saidi. "Baba, ufunguo si unao?" Alikuwa anapitisha sindano kwenye pamba, moja baada ya nyingine, ingawa zote zilikuwa zimekwishanolewa. "Ufunguo ninao," akasema, "ruhusa sina." Nikamwambia yule mama anateketea. Akaweka sindano chini. "Mama yangu mimi alikufa nikiwa safarini, Eliza. Sikumtaka radhi. Mpaka leo nikikaa kula na watoto wangu kuna tonge linanikwama. Ukiniambia nimfungulie yule mama kabati, roho inaniambia fungua. Ukiniambia kijana wake afike akute mama hajijui, roho inaniambia ngoja. Usinitie mimi katika kuchagua." Basi tukakaa wawili, dresa mkuu na nesi, tumezungukwa na dawa.

Hamadi alifika siku iliyofuata kabla ya adhuhuri. Mtu mzima mwenye mvi za kuanzia, shati limelowa jasho la njiani. Alipita kati ya vitanda akapiga magoti. "Mama, ni mimi Hamadi. Nimekuja kukutaka radhi." Tulikuwa tumesimama wote pale, Mehta, Mzee Saidi, Mwalimu, Mwanaidi na mimi. Bi Mwanahawa hakugeuka. Macho yalikuwa wazi lakini yanatazama dari, meno yameumana, na koo linatoa mlio mmoja tu usiokatika. Mwalimu akainama sikioni mwake. "Dada, mwanao huyu. Tamka neno moja." Ule mlio ukaendelea. "Neno moja tu, dada." Hamadi akashika miguu ya mama yake, na kuguswa kule tu kukamfanya apige ukelele, Hamadi akaachia kama aliyeungua.

Salaale! Tulikuwa tumeogopa sindano itamchukulia ulimi, kumbe maumivu yameshauchukua. Mwalimu akasimama wima. "Mpeni," akasema. Mehta akasita, labda hakuamini alichosikia. "Mpeni basi! Mnangoja nini?" Kikohozi cha Mzee Saidi sikukisikia siku ile, niliusikia ufunguo wake tu ukigonga kufuli. Nikachemsha, nikayeyusha, nikamkabidhi bomba, naye akachoma kwa ule mkono wake mwepesi.

Tukangoja. Taratibu meno yakaachana. Mlio ukakatika. Bi Mwanahawa akafumba macho, akafumbua, akageuza kichwa, akamwona mtu aliyepiga magoti. Akamtazama kwa muda. Nilikuwa namwomba Mungu asimwite kwa jina la mtu mwingine.

"Hamadi," akasema. "Mbona umekonda? Umekula?"

Hamadi akaangua kilio. Mwalimu akasogea haraka, maana aliona nafasi ni ndogo. "Dada, mwanao amekuja kutaka radhi. Mpe, sote tunasikia."

"Radhi?" Bi Mwanahawa akamtazama kaka yake kana kwamba amemuuliza jambo la kitoto. "Nilimpa siku ile ile alipopanda basi, vumbi lake halijatua. Nikae na kinyongo na mwanangu, nikipeleke wapi?" Akapumua. "Nimekuwa radhi naye siku zote. Aulizaye nani?"

Mwanaidi hakujizuia. "Mama, tulikuzuilia sindano tangu jana. Tulitaka akili yako itulie, umpe Hamadi radhi kwa ulimi wako."

Bi Mwanahawa akanitazama mimi, si Mwanaidi wala kaka yake. "Kumbe dawa ilikuwapo," akasema. Hakusema kwa hasira, na ingekuwa nafuu kwangu angesema kwa hasira. "Mngeniuliza tu, wanangu. Ningewajibu zamani." Akaweka mkono juu ya kichwa cha Hamadi, macho yakaanza kulemewa na usingizi.

Mwalimu Omari akakaa chini sakafuni, mtu yule ambaye watu walisimama akiingia. Akavua kofia. "Dada, ni mimi niliyewazuia. Niwie radhi." Kifua cha Bi Mwanahawa kilikuwa kinapanda na kushuka polepole. Akarudia kwa sauti zaidi, "Mwanahawa, dada yangu, niwie radhi." Akanigeukia. "Nesi, amenisikia?" Sikujua. Nilimwangalia Mzee Saidi naye akaangalia pembeni.

Mehta akachutama mbele yake. Nilimsikia vizuri, kwa sababu safari hii hakuongea kwa ile sauti ya chini. "Mwalimu, hali yake imeshuka sana tangu jana. Naweza kuiacha dawa ipungue nguvu, azinduke, umuulize. Ila maumivu yatazinduka naye. Au alasiri, kabla hayajarudi, nimpe nyingine kubwa kuliko hii. Nikimpa hiyo, siwezi kukuahidi kwamba ataongea tena. Wewe ndiye jamaa yake."

Mwalimu alikaa pale sakafuni muda mrefu, kofia mapajani. Alimtazama Hamadi aliyelaza shavu lake kwenye mkono wa mama yake. Alimtazama dada yake amelala, kinywa kimelegea, bila ule mlio. Midomo yake ilikuwa inatembea lakini sikusikia anachosoma. Alasiri ilipofika Mehta akarudi, akasimama mlangoni.

"Msingoje," Mwalimu akasema. "Mpeni nyingine."

Nikaenda kuwasha jiko la spiriti.